Kulinganisha A* na IDA* kwa kazi ya uzamili: nipime muda, nipime nodi, au nianze na swali jingine?

MsomiTengeru, Arusha

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Ninasoma shahada ya uzamili hapa Arusha, na muhula huu tuna somo linalounganisha mambo mawili ambayo kwa kawaida hufundishwa mbalimbali: algorithimu za utafutaji kwa upande mmoja, na mbinu za kufanya majaribio katika sayansi ya kompyuta kwa upande wa pili. Sehemu kubwa ya alama inatokana na andiko moja la utafiti, ambalo ni lazima liwe na jaribio la kweli, takwimu zake, na maelezo yatakayomwezesha mtu mwingine kulirudia na kupata matokeo yaleyale.

Nimechagua kulinganisha algorithimu mbili za kutafuta njia yenye gharama ndogo kabisa: A*, ambayo Hart, Nilsson na Raphael waliichapisha mwaka 1968, na IDA*, ambayo Richard Korf aliichapisha mwaka 1985. Uwanja wa kwanza wa majaribio ni fumbo la vigae 15, lile la fremu ya nne kwa nne lenye nafasi moja tupu, na hiuristiki yake (makadirio ya gharama iliyobaki hadi jibu) ni ya Manhattan, yaani jumla ya hatua ambazo kila kigae kingehitaji ili kifike mahali pake kama vigae vingine visingekuwapo njiani. Kwa kuwa nilitaka pia kitu cha hapa nyumbani, nimepakua ramani ya barabara za mikoa ya Arusha na Kilimanjaro kutoka OpenStreetMap, nikaigeuza kuwa grafu ambamo makutano ni nodi na vipande vya barabara ni kingo. Huko hiuristiki ni umbali wa mstari ulionyooka kati ya nodi na mwisho wa safari.

Matokeo ya awali yananipa shida kuyaeleza. Kwenye vigae, IDA* inapanua nodi nyingi zaidi kuliko A* (kupanua nodi ni kuichukua hali moja na kutoa hali zinazoifuata), jambo nililolitarajia kwa sababu inaanza utafutaji upya kila inapoongeza kikomo cha gharama inayoruhusiwa. Hata hivyo inamaliza mapema zaidi, na mara nyingine A* inajaza kumbukumbu yote ya kompyuta na kusimamishwa na mfumo kabla haijapata jibu. Kwenye barabara mambo yamegeuka kabisa: A* inajibu papo hapo, ilhali IDA* haitoi jibu hata kwa safari ya kutoka Sakina hadi Njiro.

Mhadhiri amenirudishia pendekezo akiwa ameandika pembeni kwamba hilo ni shindano, si jaribio, na kwamba nieleze ninataka kujua nini. Naelewa anachokikataa, ila sioni pa kuanzia. Je, kipimo halali cha algorithimu ni muda wa saa au ni idadi ya nodi zilizopanuliwa? Je, inafaa vigae na barabara kuwekwa katika andiko moja, au nichague kimoja? Na swali la utafiti hutungwaje pale ambapo mtu ana jedwali la namba tu mbele yake? Nitashukuru kwa majibu ya kina, kwa kuwa siku ya kuwasilisha pendekezo jipya imekaribia.

FundiNjiro, Arusha

Hongera kwa kuchagua mada ambayo wengi huikwepa. Nitajibu swali la kwanza tu, kwa sababu ndilo linalonigusa kazini: pima muda.

Kazi yangu ni kuandika programu zinazoyapangia magari ya kusambaza bidhaa njia za kupita, na hakuna mteja anayeuliza ni nodi ngapi zimepanuliwa. Anauliza dereva atapewa njia baada ya muda gani. Isitoshe, idadi ya nodi ni rahisi sana kuipendezesha. Chukua majedwali ya ruwaza, ambayo Culberson na Schaeffer waliyaleta katika miaka ya 1990 kwa mafumbo hayahaya ya vigae. Unachukua kundi la vigae, unakokotoa mapema gharama ya kulipanga kundi hilo kutoka kila mpangilio unaowezekana, kisha unahifadhi majibu ili yatumike kama hiuristiki wakati wa utafutaji. Nodi zinapungua kwa kiasi kikubwa mno, lakini kuna kazi ya kulijenga jedwali kabla ya tatizo la kwanza kuguswa, na baadaye kila nodi inalazimu kwenda kusoma jedwali kubwa lililoko kwenye kumbukumbu. Ukihesabu nodi peke yake, gharama hizo zote mbili zinatoweka kwenye karatasi na msomaji hatazijua.

Sharti langu ni kwamba msimbo wa pande zote mbili uandikwe kwa uangalifu ule ule, na ikiwezekana kwa lugha inayogeuzwa kuwa msimbo wa mashine kabla ya kuendeshwa, kama C++. Mwaka 2012 Ethan Burns na wenzake walionyesha kuwa A* na IDA* hizihizi, kwenye vigae 15 hivihivi, zinaweza kuongezeka kasi mara kadhaa kwa kubadilisha tu namna zilivyoandikwa, bila kuigusa algorithimu yenyewe. Kwa hiyo ukilinganisha IDA* uliyoinoa na A* uliyoandika jioni moja, umelinganisha jitihada zako, si algorithimu.

MwalimuSoweto, Moshi

Ndugu Msomi, naomba kutofautiana kidogo na Fundi, ingawa aliyoyasema kuhusu msimbo ni kweli tupu. Ubishi wa muda dhidi ya nodi hauwezi kuwa na mshindi, kwa sababu muda ni zao la vitu viwili: idadi ya nodi, na gharama ya kuishughulikia nodi moja. Ukitoa muda peke yake umevichanganya hivyo viwili, na msomaji hawezi tena kuvitenganisha. Ukitoa vyote viwili, sehemu ya kwanza ya kinachokutatiza, yaani kasi ya IDA* kwenye vigae, inajieleza yenyewe. A* kwa kila nodi inabidi itafute kwenye jedwali la heshi ili kujua kama hali hiyo imeshaonekana, kisha iiweke kwenye foleni ya kipaumbele, yaani orodha inayotoa kwanza nodi yenye gharama ndogo zaidi inayokadiriwa. IDA* inasogeza kigae kimoja kwenye ubao uleule, inarekebisha jumla ya Manhattan kwa kutoa na kujumlisha, inasonga mbele, na inarudisha kigae ikirudi nyuma. Haikumbuki chochote zaidi ya njia iliyoko juu yake. Ndiyo maana inaweza kupanua nodi nyingi zaidi na bado ikatangulia kumaliza, na ndiyo maana Korf aliweza mwaka 1985 kupata suluhisho fupi kabisa la matatizo 100 ya nasibu ya vigae 15, yaliyodai mamia ya mamilioni ya nodi kwa wastani, kwa mashine za wakati ule ambazo kumbukumbu yake isingetosha kabisa kwa A*.

Sehemu ya pili, ya kwa nini barabara zimepindua matokeo, ndilo lenye utafiti ndani yake. Mwaka 1995 John Hooker aliandika akilalamikia desturi ya kushindanisha algorithimu: shindano hukuambia nani ametangulia kwenye matatizo yale, kwa msimbo ule, kwenye mashine ile, lakini halikuambii kwa nini, na pasipo kujua kwa nini huwezi kusema lolote kuhusu tatizo litakalokuja kesho. Mhadhiri wako anakudai hiyo "kwa nini".

Sasa tuitafute. Kwenye vigae, kila hatua inagharimu moja, na kila hatua inaipandisha au kuishusha Manhattan kwa moja. Kwa hiyo f, ambayo ni gharama iliyokwisha kutumika pamoja na makadirio ya iliyobaki, ama inabaki palepale ama inaongezeka kwa 2. Vikomo vya IDA* vinapanda kwa hatua za 2, na kwa kuwa kila hali ya fumbo hilo inazaa, kwa wastani utafutaji unapokwenda mbali, hali mpya zinazokaribia 2.13 ukiacha kurudi ulikotoka, kila mzunguko unakadiriwa kuwa mkubwa kuliko uliotangulia kwa takriban mara nne na nusu. Piga hesabu utaona kwamba mizunguko yote ya mwanzo ikijumlishwa haifikii theluthi ya mzunguko wa mwisho. Kuanza upya, ambako kwa macho kunaonekana ni hasara kubwa, kumbe ni gharama ndogo.

Kwenye barabara, urefu wa kila kipande ni mita na sehemu za mita, na karibu kila nodi ina f yake ya kipekee. Kikomo kinapopanda hadi thamani inayofuata, mzunguko mzima unarudiwa kwa ajili ya nodi moja mpya au mbili. Hiyo ni sababu ya kwanza. Sababu ya pili ni kwamba mtaani kuna njia nyingi za kufika kona ileile, na IDA*, kwa kuwa haikumbuki ilikopita, inaichunguza kona hiyo upya kwa kila njia inayoifikia. Katika mitaa iliyopangwa kwa miraba, idadi ya njia hizo inalipuka. Kwenye vigae marudio yapo pia, lakini mzunguko mfupi kabisa wa kurudi kwenye hali ileile bila kurejea nyuma una hatua 12, kwa hiyo yanaumiza kidogo.

Basi una sababu mbili zinazoshukiwa, na katika majaribio yako ya sasa zimebadilika kwa pamoja: vigae vina f chache na marudio machache, barabara zina f nyingi na marudio mengi. Hakuna mtu anayeweza kusema ni ipi iliyoiangusha IDA*. Zitenganishe. Chukua vigae vilevile, lakini kila kigae kipewe gharama yake ya kusogezwa, namba yenye desimali, huku Manhattan ya kila kigae ikizidishwa kwa gharama hiyo ili isikadirie kupita kiasi. Grafu haijabadilika, marudio hayajabadilika, kilichoongezeka ni thamani za f tu. Kisha chukua barabara zilezile, na urefu wa kila kipande uupandishe hadi mita 100 kamili zinazofuata, na hiuristiki nayo uipandishe vivyo hivyo. Kwa kuwa gharama ya njia yoyote sasa ni kizidishio cha 100 na haiwezi kuwa chini ya mstari ulionyooka, makadirio bado ni salama. Hapo f zimekuwa chache, marudio yamebaki. Unapata hali nne za jaribio badala ya mbili, na katika kila hali unajua ni kitu gani kimebadilishwa.

Halafu, na hapa nasisitiza, andika nadharia tete yako na utabiri wake kabla hujaendesha chochote. Kwa mfano: "Wingi wa thamani za f ndio sababu kuu, kwa hiyo IDA* itaanguka kwenye vigae vyenye gharama tofauti, na itainuka kwenye barabara zilizopandishwa." Mimi binafsi nashuku kwamba nusu ya pili ya utabiri huo haitatimia, kwa kuwa marudio ya mitaani yanatosha kuiangusha peke yake, lakini hilo ndilo la kupimwa. Utabiri unaoweza kukosea ndio unaolifanya jambo liwe jaribio.

Kwa hiyo usiache barabara. Nakuongezea jambo moja la huku kwetu. Omba njia ya kutoka Machame hadi Tarakea, kisha ya kutoka Moshi mjini hadi Boma Ng'ombe. Mstari ulionyooka wa safari ya kwanza unapita juu ya mlima Kilimanjaro, ambako hakuna gari linalopita, wakati barabara inazunguka chini kupitia Himo na Rombo. Hiuristiki inakadiria kidogo mno, na A* itapanua nodi tele za upande wa Machame kabla haijakubali kuzunguka. Safari ya pili inafuata barabara kuu karibu moja kwa moja. Wilaya zote zinazouzunguka mlima zitakupa matatizo ambamo ubora wa hiuristiki unatofautiana bila grafu kubadilika, na hata Meru itakufaa, kwa mfano kutoka Ngaramtoni hadi Ngare Nanyuki. Ukichagua jozi za safari kwa nasibu tupu, nyingi zitaangukia mitaa yenye makutano mengi ya Arusha na Moshi, na safari hizi za kuzunguka milima zitakuwa chache mno kuonekana.

MsomiTengeru, Arusha

Mwalimu, shikamoo, na asante sana. Fundi nawe asante. Hali hizo nne nimezielewa, na naona kwamba swali langu sasa ni la sababu, si la mshindi.

Limebaki jambo moja linalonisumbua. Katika kila hali kutakuwa na matatizo yasiyokamilika: A* itaishiwa kumbukumbu, IDA* itaishiwa muda. Nimeweka kikomo cha saa moja kwa kila tatizo. Je, yale yasiyokamilika niyaache nje ya jedwali na nichukue wastani wa yaliyokamilika na algorithimu zote mbili? Na je, matatizo mangapi yanatosha?

BintiTakwimu, Arusha

Usiyaache nje hata kidogo. Ukibakiza yale tu yaliyokamilishwa na pande zote mbili, umeyaondoa yale magumu zaidi, na umeyaondoa kwa sababu ileile unayoichunguza. Ni sawa na kupima ugumu wa mtihani kwa alama za waliofaulu peke yao. Wastani wa namna hiyo huinufaisha zaidi ile algorithimu iliyo dhaifu kwenye matatizo magumu, kwa sababu udhaifu wake umefutwa kwenye kumbukumbu za jaribio.

Tatizo lililokoma saa moja bila jibu si data iliyopotea. Unajua jambo moja kamili kulihusu: kwamba lingechukua zaidi ya saa moja. Tumia vipimo vinavyoheshimu ujuzi huo. Mediani, kwa mfano, haijali kama tatizo gumu zaidi lingechukua saa mbili au siku mbili. Ilimradi zaidi ya nusu ya matatizo yamekamilika, mediani yako ni halali. Njia nyingine ninayoipenda zaidi kwa kazi kama yako ni kuchora mstari unaoonyesha, kwa kila muda kuanzia sekunde moja hadi saa moja, ni sehemu gani ya matatizo iliyokuwa imekamilika. Mistari miwili ikikatana, msomaji anaona kwa jicho kwamba mmoja ni mwepesi kwa matatizo rahisi na mwingine ni imara kwa magumu, jambo ambalo wastani mmoja hauwezi kulisema. Ila kuishiwa kumbukumbu na kuishiwa muda ni matukio mawili tofauti, kwa hiyo yaripoti mbalimbali, na useme mashine ilikuwa na kumbukumbu kiasi gani.

Kuhusu idadi, anza pale ambapo huhitaji sampuli kabisa. Fumbo dogo la vigae 8 lina hali 181,440 tu zinazoweza kufikiwa, na hakuna hata moja inayohitaji zaidi ya hatua 31. Ziendeshe zote. Hapo hakuna suala la makosa ya sampuli wala la kikomo cha muda, na hali mbili za jaribio kati ya nne alizozieleza Mwalimu unaweza kuzikagua kikamilifu kabla hujapanda kwenye vigae 15, ambako hali ni 10,461,394,944,000 na suluhisho refu kabisa ni la hatua 80. Huko sampuli hailazimiki kuwa kubwa, ila inalazimika kuchaguliwa kwa haki. Watu wengi hutengeneza matatizo kwa kuanza na ubao uliokwisha kupangwa na kuusogeza ovyo hatua mia kadhaa. Njia hiyo huelekea kutoa matatizo mepesi, kwa sababu mwendo wa ovyo hujirudia na hauendi mbali upesi. Afadhali kupanga vigae kwa nasibu kamili, kisha kukagua kama mpangilio unatatulika, kwa kuwa nusu ya mipangilio yote haitatuliki kamwe, jambo lililothibitishwa tangu mwaka 1879. Ongeza pia yale matatizo 100 ya Korf, ambayo yamechapishwa na yanatumika hadi leo, ili mtu aliye mbali aweze kuilinganisha kazi yako na nyingine.

Kila tatizo lipewe algorithimu zote mbili, na ulinganishe ndani ya tatizo hilohilo. Matatizo yanatofautiana ugumu kwa maelfu ya mara, na ukilinganisha wastani wa kundi na wastani wa kundi, tofauti hiyo itaimeza tofauti unayoitafuta. Chukua uwiano wa nodi au wa muda kwa kila tatizo, fanya kazi na logi (logarithimu) ya uwiano huo, na ukitaka jaribio la takwimu lisilodai data ifuate mkunjo wa kawaida, lile la Wilcoxon la mwaka 1945 linafaa kwa jozi kama hizi. Lakini usiishie kwenye kusema tofauti ni ya kweli. Eleza ukubwa wake, na masafa ambayo ukubwa huo unaweza kuwamo. Unaweza kuyapata kwa kuchota upya kutoka kwenye sampuli yako mara nyingi, kwa njia aliyoileta Bradley Efron mwaka 1979.

Kwa swali la mangapi yanatosha, fanya jaribio dogo la awali, angalia uwiano unatawanyika kiasi gani, ndipo ukadirie. Matatizo ya jaribio la awali yasiingie kwenye jaribio lenyewe. Na kama kuna kitu utakachokirekebisha kwa kuangalia matokeo, kwa mfano ukubwa wa jedwali la heshi, kirekebishe kwenye matatizo hayo ya awali, kisha usikiguse tena.

FundiNjiro, Arusha

Msimamo wangu kuhusu mteja uko palepale, ila nakubali kwamba andiko la uzamili halina mteja. Naongeza mambo ya mashine, maana muda ukipimwa vibaya hata takwimu nzuri hazitauokoa.

Mwaka 2009 Mytkowicz na wenzake walichapisha matokeo yaliyowashtua wengi: programu ileile, kwenye mashine ileile, ilibadilika kasi kwa sababu tu ya ukubwa wa vigeu vya mazingira vya mfumo (mipangilio ambayo mfumo huipa kila programu), au mpangilio wa mafaili wakati wa kuunganisha programu. Mabadiliko hayo, ambayo hakuna mtu anayefikiria kuyaandika kwenye ripoti, yalitosha kugeuza hitimisho kuhusu kama uboreshaji fulani unasaidia au la. Kwa hiyo tofauti ndogo ya asilimia chache kati ya A* na IDA* usiijengee hoja yoyote. Kwa bahati nzuri, tofauti unazozitafuta ni kubwa kuliko hapo.

Usiendeshe A* yote asubuhi na IDA* yote mchana. Kompyuta mpakato ikipata joto prosesa hujipunguzia kasi yenyewe, na kwa wenzetu wa Moshi mwezi wa Februari hilo ni jambo la kila siku. Changanya mpangilio kwa nasibu, tatizo kwa tatizo, ili joto na programu nyingine zinazoendelea chinichini ziziathiri pande zote kwa usawa. Chomeka kwenye umeme, kwa kuwa mashine nyingi zikitumia betri hubadilisha kasi.

Na kwa kuwa umeme wenyewe unaweza kukatika wakati wowote, kila tatizo likikamilika programu iandike mstari mmoja kwenye faili na kuufunga hapohapo: jina la tatizo, algorithimu, hali ipi kati ya zile nne, nodi zilizopanuliwa, nodi zilizozalishwa, muda wa prosesa, kumbukumbu ya juu kabisa, namna ilivyoishia, mbegu ya nasibu (namba inayoanzisha unasibu ili uweze kurudiwa vilevile), na toleo la msimbo. Ikiwashwa tena isome faili hilo na kuendelea ilipoachia. Tatizo lililokatizwa na umeme lirudiwe tangu mwanzo, na lisihesabiwe kama lililoishiwa muda. Angalia pia unachokiita nodi: kupanua nodi ni jambo moja, kuizalisha, yaani kuiunda kutoka nodi inayopanuliwa, ni jingine, na maandiko mengine huhesabu la kwanza, mengine la pili, bila kusema.

MwalimuSoweto, Moshi

Marahaba, Msomi. BintiTakwimu ameniondolea kazi kubwa. Narudi kwa jambo moja nililoliruka, na linaugusa moja kwa moja ule mpango wa hali nne.

Kuna kanuni iliyothibitishwa na Dechter na Pearl mwaka 1985 kwamba, kwa hiuristiki isiyojipinga (ambayo makadirio yake hayashuki, kwa hatua yoyote, zaidi ya gharama ya hatua hiyo), hakuna algorithimu yenye ujuzi uleule na inayohakikisha suluhisho la gharama ndogo kabisa ambayo inaweza kukwepa nodi ambazo A* inazipanua. Lakini kanuni hiyo ina mwanya mmoja: nodi ambazo f yake ni sawasawa na gharama ya suluhisho. Hizo A* inaweza kuzipanua zote au chache tu, kutegemea inavyoamua sare, yaani inachukua nodi ipi kwanza pale f zinapolingana. Kwenye vigae vya kawaida sare ni nyingi mno. Kwenye barabara zenye urefu wa desimali karibu hazipo. Ukizipandisha barabara hadi mita 100 kamili, utakuwa umepunguza thamani za f kama tulivyokusudia, lakini wakati huohuo utakuwa umezaa sare ambazo hazikuwapo, na ukivipa vigae gharama tofauti utakuwa umeziondoa zilizokuwapo. IDA* nayo inaguswa, kwa sababu mpangilio wa kujaribu hatua katika mzunguko wa mwisho ndio unaoamua itazikuta nodi ngapi za sare kabla ya jibu.

Chagua kanuni moja ya kuamua sare, kwa mfano kuitanguliza nodi iliyokwisha kwenda mbali zaidi kutoka mwanzo, uitumie katika hali zote nne, na uiandike kwenye andiko. Kisha, kwa kila tatizo, toa hesabu mbili za nodi badala ya moja: zile ambazo f yake iko chini ya gharama ya suluhisho, na zile zilizolingana nayo. Utabiri wako kuhusu vikomo na marudio uupime kwa hesabu ya kwanza.